Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: ule udongo wa kiwanda cha mafuta msiuache utupwe kwenye mashimo ya mchanga

Assalamu alaykum waheshimiwa wetu,

Naandika kwenu nyote mliopewa dhamana ya mazingira, viwanda, manispaa na halmashauri, Unguja na Pemba. Sijui khasa nimwelekee nani maana kila niliyemfuata kanambia hili si langu nenda kwa fulani, na fulani kanirudisha kwa yule wa mwanzo, basi nimeona bora niiandike wazi, mwenye lake atalijua.

Jina langu si muhimu. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ya kula huko Bara, sitokitaja, nilikuwa upande wa filta, shifti ya usiku zaidi, na ule udongo wa kusafishia mafuta naujua kwa harufu na kwa vidole kuungua. Nimerudi nyumbani nikidhani nimeachana nao. Mwaka huu natoka zangu shamba napita pembeni ya shimo la zamani la mchanga, nikaipata ile harufu, mafuta yaliyochacha yakichanganyika na moshi mwembamba, nikasimama pale pale. Nachungulia chini naona viroba kama arubaini, vyengine vimepasuka, udongo mweusi wa kunata umemwagika, mbuzi wanaulamba. Nikashuka nikaweka kiganja juu ya kiroba kimoja bila ya kukigusa. Moto! Na jua lilikuwa limeshazama.

Nikaenda kwa sheha, mzee muungwana tu, akaja akatizama. Tukaenda ofisi moja pamoja, kijana pale akatusikiliza vizuri akacheka akasema mzee wangu udongo ni udongo, umetoka ardhini umerudi ardhini, una dhara gani. Nikaondoka. Siku ya nne mchana viroba vikashika moto, makuti ya banda la karibu yakaungua, na kwa kuwa hakuna mtu aliyekubali kwamba udongo unaweza kujiwasha wenyewe basi akatafutwa mtu wa kubebeshwa, akapatikana mtoto wa jirani anachunga mbuzi pale kila siku, akachapwa bakora mbele ya watu kwa moto ambao hakuuwasha. Nimefika mtoto keshapigwa. Hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika, si mbuzi wala si harufu.

Sasa naomba mnivumilie nieleze huu udongo ni kitu gani, maana nahisi nusu ya tabu yetu ni kuwa neno lenyewe linatudanganya.

Mafuta ghafi ya mawese yakifika kiwandani ni mekundu, wekundu ule ule wa karoti, na ndani yana ute, asidi, mabaki ya chuma na uchafu mwengine. Kwanza unatolewa ute, halafu yanapashwa nyuzi 90 mpaka 110 hivi, yanatiwa udongo mweupe laini kama unga wa sembe, yanakorogwa ndani ya tangi lililonyonywa hewa kwa muda wa kama nusu saa, kisha pampu inayasukuma kwenye filta. Mafuta yanapita mepesi yanakwenda kuondolewa harufu kwa mvuke. Udongo unabaki kwenye vitambaa vya filta, mweusi, wa moto, umeshiba. Kazi yangu ilikuwa kuukwangua ule.

Udongo wenyewe ni aina ya kinamo kinachoitwa bentonaiti, mara nyingi umeshapitishwa kwenye asidi kali ili vitundu vyake vifunguke. Gramu moja tu ukiweza kuikunjua uso wake wote wa ndani unapata zaidi ya mita za mraba 200, yaani kiwanja cha mpira wa wavu na cheji inabaki, gramu moja! Ndio maana unanyonya rangi namna ile, na ndio maana ukitoka unatoka na mafuta mengi, asilimia 20 mpaka 40 ya uzito wake ni mafuta, inategemea filta imepulizwa mvuke kwa muda gani kabla ya kufunguliwa. Na ndio maana unawaka. Mafuta yametandazwa kwenye uso mkubwa kiasi hicho, hewa inaingia kila kitundu, mafuta yanakula hewa yanatoa joto, joto halina pa kutokea kwa sababu limefukiwa katikati ya lundo, linazidi linazidi mpaka linafika pa kuwaka. Hamna kiberiti, hamna jini, hamna mtoto mchunga mbuzi. Mafundi wa milango wanalijua hili tokea zamani, tambara lililofutia mafuta ya kitani huliviringi ukalitupa pembeni ya randa usiku ukaenda kulala. Alizeti na soya ndio balaa zaidi, mawese yana subira kidogo, na mafuta ya nazi hayana sana tabia hii kwa hivyo wenye vinu vya nazi wasitishike na barua yangu.

Hesabu ni hii. Tani moja ya mafuta inakula kilo 5 mpaka 20 za udongo. Tuchukue kilo 10. Kiwanda kidogo cha tani 10 kwa siku kinatia kilo 100 za udongo mweupe, na udongo ukitoka na robo yake mafuta basi kinatoa kilo 133 hivi za udongo mweusi, ndani yake kilo 33 ni mafuta ya kula yaliyolipiwa pesa. Siku 26 za kazi ni zaidi ya kilo 850 za mafuta zinakwenda shimoni kwa mwezi. Kiwanda cha tani 100 zidisha mara kumi mwenyewe. Bosi wangu wa zamani alikuwa akitukata mshahara kwa kumwaga ndoo moja sakafuni na huku lori linatoka getini kila asubuhi limebeba mapipa kwa mapipa, sijawahi kulielewa lile.

Ninachokuombeni ni kitu kimoja, mengine yote yanatoka hapo: msimpe mtu kibali cha kusafisha mafuta hapa visiwani, mkubwa au mdogo, mpaka aandike udongo wake utakwenda wapi, kwa nani, na mpokeaji aweke saini. Sio kuandika "taka zitatupwa sehemu husika". Sehemu husika ndio ipi? Kibele? Jaa lile limebeba mji mzima, mkilipelekea na kitu kinachojiwasha katikati ya maplastiki mnatafuta moto wa wiki nzima. Mashimo ya mchanga? Kisiwa hichi tunakunywa maji ya chini, mawe yetu ni matumbawe yenye matundu, ukimwaga kitu juu huko chini kinatafuta njia, na visima vyetu mnajua vilipo.

Na mpokeaji yupo, wapo wengi, hapo ndipo napotaka kukaa kidogo.

Wa kwanza kwa maoni yangu ni watu wa kujenga. Udongo huu ukishakamuliwa mafuta ukachomwa kwenye tanuu nyuzi 600, 700 hivi ukasagwa, unakuwa unga mkavu wenye silika na alumina, madini yanayoshikana na chokaa. Malaysia, ambako mawese ni maisha ya watu, watafiti wao wameujaribu kwenye zege ukachukua nafasi ya sehemu ya saruji. Sio badala ya mchanga, nasema mapema asije mtu akaenda redioni kusema tumepata dawa ya mchanga, mchanga wetu utabaki shida yake ile ile. Badala ya sehemu ya saruji tu, lakini saruji yetu inavuka bahari, kila mfuko mmoja mnaoupunguza umepunguza na nauli.

Na hapa kwetu kuna jambo jengine la kulitizama, chokaa. Mji Mkongwe wote umesimama kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, umeingia urithi wa dunia tokea 2000, na tokea Beit al Ajaib ilipoporomoka upande mmoja Disemba 2020 kila baraza ina mtaalamu wake wa chokaa, na mie mmoja wao. Fundi akitia saruji kwenye ukuta ule unabeba chumvi na maji unapasuka, akitia chokaa tupu inachelewa kukauka hasa wakati wa masika. Udongo uliochomwa ukatiwa kidogo kwenye chokaa unaifanya ishike hata kwenye unyevu, ni jambo linalojulikana duniani toka enzi za Warumi na majivu yao ya volkano. Sasa mie sisemi mkapake kesho ukuta wa Ngome Kongwe, jamani! Udongo huu umepita kwenye asidi, unaweza kubaki na chumvi na salfeti ambazo ni adui wa ukuta wa zamani, kwa hiyo upimwe kwanza, Taasisi ya Karume pale Mbweni wana wanafunzi wa ujenzi, wapeni viroba kumi na chokaa na mwaka mmoja, wafyatue matofali wayavunje, wapake ukuta wa choo chao wautizame masika mbili. Gharama yake ni chai.

Halafu lile tanuu lenyewe la kuchomea. Udongo ukiwa bado na mafuta ni kuni, hauwaki kama makaa lakini unawaka, kwa hivyo mafuta yaliyobaki yanasaidia kuuchoma wenyewe. Waliochanganya kidogo kwenye udongo wa matofali ya kuchoma wamekuta mafuta yanaungua ndani kwa ndani, kuni zinapungua na tofali linatoka jepesi kwa sababu ya vitundu, lakini ukizidisha tofali linakuwa kama biskuti. Kwa Pemba kuna njia nyengine nyepesi zaidi, ng'ambo yao ni Tanga na Tanga kuna kiwanda cha saruji, matanuu ya saruji yanafika nyuzi 1,450 na huu udongo yanaumeza mzima mzima, mafuta yanakuwa moto na udongo unakuwa saruji. Na Unguja ng'ambo yetu ni Wazo, kiwanda cha saruji cha Dar es Salaam. Vyombo vinavyotuletea mifuko vinarudi, kaeni nao mkubaliane bei ya mapipa yaliyofungwa vizuri. Hilo halihitaji utafiti, linahitaji simu.

Shamba. Hapa nitasema kwa tahadhari kwa sababu nimeshaona watu wanabeba na gari la ng'ombe wanamwaga kwenye mihogo wakidhani ni mbolea kwa kuwa ni mweusi. Mbichi haufai. Mafuta yanafanya ardhi isinywe maji, mvua inateleza juu kama juu ya jani la mgomba, mbegu hazioti, na vijidudu vinavyokuja kuyala yale mafuta vinanyang'anya naitrojeni, mahindi yanakuwa ya manjano mwezi mzima. Lakini ukiufanyia mboji, ukachanganya na samadi ya kuku, makumbi yaliyooza, mwani unaotupwa pwani, ukaugeuza kila wiki miezi mitatu minne, mafuta yanaliwa yanakwisha unabaki udongo wenye kushika maji na mbolea. Na nani asiyejua ardhi zetu za mchanga na za uwandani zinavyovujisha, unamwagilia asubuhi saa sita pamekauka. Ardhi ya kinamo haina haja ya hili, wenyewe wana udongo wa kuwatosha. Wataalamu wa utafiti wa kilimo wa Kizimbani wajaribu kwanza, kwenye miti au majani ya ng'ombe si kwenye mchicha, na wapime nikeli, maana viwanda vinavyogandisha mafuta vinatumia nikeli na udongo wao uwekwe mbali kabisa usichanganywe na huu.

Kuna wanaoulisha kuku na ng'ombe kwa asilimia ndogo kwenye chakula. Mie hapana. Sina haja ya kubishana nao, ila udongo umewekwa pale kunyonya vitu tusivyotaka kula, halafu tumpe kuku ale yeye atulishe sisi? Hapana.

Sasa mafuta yenyewe. Yanatolewa kwa hekseni, ndivyo wanavyofanya viwanda vikubwa, ni kimiminika kinachoshika moto haraka kama petroli na mtu asije akajaribu uani kwake. Kinachotoka ni mafuta meusi yenye asidi nyingi, yanafaa bayodizeli, yanafaa grisi, yanafaa sabuni. Kina mama wetu wa Paje na Jambiani sabuni ya mwani wanaiuza mpaka kwa watalii, ile ya ngozi waache na mafuta yao ya nazi wasiitie hii, lakini sabuni ya kufulia na ya kuoshea masufuria kwa nini tusiwe nayo, mbona soda ya kutengenezea sabuni tunainunua hivyo hivyo.

Na hapa ndipo naogopa kuliko moto. Huko nilikokuwa nilimuona mtu anauchemsha udongo kwenye pipa nyuma ya kiwanda, mafuta yanapanda juu anayaengua anatia kwenye madumu ya njano. Nikamuuliza ya nini, akasema ya sabuni bwana. Jioni nimekaa kwa mama muuza bajia nayaona yale madumu chini ya meza yake. Tokea siku ile bajia za njiani nazila kwa kusoma dua. Mafuta yale yameshachacha, yamekaa kwenye asidi, yamenyonya kila kilichotakiwa kutolewa, na ukiyachanganya na mafuta mazuri jicho haliyatambui, wala mchuuzi mwenyewe pengine hajui ameuziwa nini. Kwa hiyo watu wa ZFDA, wakala wa chakula na dawa, hili ni lenu: mafuta yoyote yatakayotolewa kwenye huu udongo yatiwe rangi pale pale, ya buluu au ya kijani, rangi ambayo hakuna mtu atakaanga nayo kaimati, na lita zilizotoka ziandikwe na zilizofika kwa mtengeneza sabuni ziandikwe. Msipofanya hivyo bora udongo uwende Tanga wote ukachomwe, kheri hasara ya mafuta.

Najua mtaniambia ni mambo makubwa, sheria mpaka ibadilishwe. Waheshimiwa, Indonesia, ambao wao na Malaysia ndio wanaotoa mafuta mengi ya mawese kuliko nchi yoyote, walikuwa wanauhesabu udongo huu ni taka ya sumu wote, mwaka 2021 wakaandika kanuni mpya wakautenga, uliokamuliwa mafuta mpaka yakabaki kidogo sana hauna tena jina la sumu, unaruhusiwa kutumika kama malighafi, ambao haujakamuliwa unabaki kwenye jina lake. Ukisoma haraka utadhani wamelegeza, kumbe wamewapa wenye viwanda sababu ya kukamua. Sisi sheria ya mazingira tunayo tokea 2015, ZEMA, mamlaka ya mazingira, ipo, kanuni ndogo chini yake si mlima. Iseme filta ipulizwe mvuke mpaka mafuta yashuke, kiwango mtakiweka nyinyi na watu wa ZBS, taasisi ya viwango, waje na mizani yao. Iseme udongo ukitoka uingie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko papo hapo ukiwa bado haujapata hewa, si kwenye kiroba. Mapipa yakae chini ya bati, mbali na boila, yasipangwe kama mlima. Na kila kinachotoka getini kipimwe, kilo za udongo mweupe ulioingia mnazijua kwa risiti za bandarini, mweusi ukipungua mtu aulizwe.

Mwenye kile kiwanda kidogo kilichotoa viroba vile vya shimoni simtaji na sitaki afungiwe. Ana vijana kumi na kitu wanaopata riziki pale, mmoja ni mtoto wa dada yangu. Nimekaa naye, mtu msikivu, kanambia ndugu yangu nimeuliza pa kuupeleka sikuambiwa, dereva kanambia analijua shimo, nikamwambia haya. Basi ndivyo ulivyofika pale.

Viroba vilivyobaki kwenye shimo havikuungua vyote, vya chini vimo bado, na masika hayako mbali. Naomba wiki hii apelekwe mtu na mapipa, na asiende mchana wa jua kali, na asiingie na koleo katikati ya lundo ghafla maana hewa ikiingia ndani linawaka usoni, aanze pembeni kidogo kidogo na maji yawe karibu. Na yule mtoto, kama kuna mkubwa atakayekuja basi naomba apite kwao amwambie baba yake mbele ya watu wale wale kwamba si yeye, mie nimesema lakini mie ni nani.

Sampo ninayo. Nimechota kilo mbili kwa ajili ya yeyote wa maabara atakayeitaka, iko kwenye kopo la maziwa limefungwa mfuniko, sheha anajua nyumba yangu. Kopo liko nje chini ya mwembe, ndani halilali.

Wenu, mfanyakazi wa zamani wa filta, Unguja